Kodi ya Kilemba

Abdurahman Shutu alikuwa fundi wa kuezeka makuti, mzaliwa wa Msambweni, na lau ungalimwuliza ujana wake aliutumia wapi angalikuonyesha kwa kidole juu, kisha akatafuta mahali pa kuketi. Miaka mingi ya kutembea juu ya boriti nyembamba ilikuwa imempa magoti ya uzee kabla ya mvi. Kupanda alipanda bado. Kushuka ndiko kulikomtesa, na kwa kuwa hakuna mwenye nyumba anayemtazama fundi akishuka, habari hizo alizijua mkewe peke yake, Esha, ambaye kila jioni alimkanda kwa mafuta ya nazi na kumwambia maneno ambayo hayakuwa laini kama mafuta.

Mwaka ulikuwa wa 1969. Uhuru ulikuwa umekwisha tembea kidogo, nao Shutu na Esha walikuwa na haja moja tu iliyobaki duniani: kwenda Makka kuhiji, wote wawili, kwa meli itakayotoka Mombasa msimu ule. Nauli walikuwa wameiweka kidogo kidogo tangu binti yao Asiya hajaolewa, na Asiya sasa alikuwa na watoto wanaokwenda chuoni kusoma Kurani. Haikuwa haja ya kungojangoja. Kuizunguka Al-Kaaba kunataka miguu, na Shutu alikadiria kwamba miguu aliyobakishiwa ilikuwa ya msimu huo, au, Mungu akipenda sana, msimu huo na mmoja tena.

Kilichomwezesha kuikamilisha akiba hiyo ni jambo la ajabu lililozuka Diani. Kabla ya Uhuru, Mzungu aliyekuja pwani alijenga nyumba ya mawe na vigae ili asiishi kama wenyeji. Baada ya Uhuru walikuja Wazungu wa namna nyingine, wenye mashati yasiyofungwa vifungo, ambao walipanda ndege toka kwao ili wapate kulala chini ya makuti. Wakati huo huo watu wa Ukunda, waliokuwa wamelala chini ya makuti tangu babu zao, walikuwa wakiuza mbuzi wanunue mabati. Kila upande ulikuwa ukitamani paa la mwenziwe, na Fundi Shutu akawa anapata riziki hapo katikati.

Hakuwa mwajiriwa wa mtu. Alipatana na mwenye nyumba bei ya paa zima, akaleta makuti, kamba na watu wake, akalipwa kazi ikiisha. Serikali ina jina la watu wa namna hiyo, huwaita waliojiajiri. Shutu alipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alishangaa, maana hakukumbuka siku aliyojiajiri, wala hakupata kujipa likizo.

Katika kazi yake palikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa po pote na kwa hiyo hakuna aliyeisahau. Fundi akimaliza kuezeka hafungi paa lote. Huacha tundu moja juu kabisa, mgongoni mwa nyumba, upana wa kiganja na vidole, akaketi karibu nalo. Mwenye nyumba akija na kilemba, yaani kitambaa cheupe kipya chenye fedha ndani yake, fundi hulifunga tundu, dua ikasomwa, na nyumba ikawa nyumba. Kilemba si bei ya paa, maana bei ilikwisha patanwa. Wala si sadaka. Ni heshima ambayo mwenye nyumba analazimika kuitoa, jambo ambalo ni gumu kumweleza mtu asiyelijua na halina haja ya kuelezwa kwa anayelijua.

Basi hoteli moja mpya ya Diani ilimpa Shutu kazi ya kuezeka ukumbi wa kulia, paa kubwa kuliko msikiti wowote wa pande zile. Meneja wake alikuwa Mswisi, Bwana Keller, mtu mrefu aliyejifunza Kiswahili kwa kukitumia. Siku ya mwisho alisimama chini, mikono kiunoni, akatazama juu.

"Fundi! Iko tundu!"

"Naliona, bwana," alijibu Shutu kutoka juu. "Mimi ndiye niliyeliacha."

"Jumamosi wageni nakuja. Mvua naingia ndani ya supu!"

"Haitaingia, inshallah. Wewe lete kilemba."

"Lete nini?"

Aliyedakia ni Rai, Mduruma wa Kinango, mkono wa kuume wa Shutu kazini, mtu ambaye hakupata kuliona jambo zito asilitie mzaha. "Ni kitambaa tu bwana, usiogope!" aliita. "Kitambaa na kijisauti cha sarafu ndani! Za karatasi pia twazipokea, hatuna ubaguzi!"

Bwana Keller alidhani amepata mgomo, akaenda ofisini kupiga simu kwa afisa wa kazi. Mhasibu wa hoteli, Mgoa mmoja mpole aliyezaliwa Mombasa, alimzuia akamweleza. Keller akafurahi mno. Alikuwa amesoma vitabu vingi juu ya mila za watu wa mbali, na wasomaji wa vitabu hivyo hufurahi wakikuta mila iliyo hai, hasa ikiwa haing'ati. Aliagiza kitambaa cha melimeli. Akauliza kilemba huwa kiasi gani, akaambiwa huenda kwa ukubwa wa nyumba, naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa kwao, akapima ukumbi kwa futi na kupiga hesabu. Matokeo yake yalikuwa kilemba ambacho mfano wake haukupata kusikiwa toka Likoni hata Vanga. Akakileta mwenyewe, picha zikapigwa. Shutu akalifunga tundu akiwa na kilemba kichwani na maumivu magotini, na wapishi wa hoteli wakapiga vigelegele ingawa wote walikuwa wanaume.

Fedha zile hazikulala. Kilemba hakiwekwi, hiyo nayo ni desturi. Mafundi walichukua mafungu yao. Rai alitumwa mnadani Kinango akarudi na mbuzi mnene, akaliwa siku ile ile kwa wali, halua na dua. Fungu kubwa lilikwenda Mkwiro, kwa mjane wa marehemu Fundi Kombe aliyemfunza Shutu kazi, kwa kuwa kilemba hupanda kwa aliyekufunza hata kama amekwisha kufa. Kilichombakia Shutu ni kitambaa na harufu ya pilipili manga. Alirudi nyumbani ametosheka, akalala.

Yule mhasibu Mgoa alikuwa mtu mwaminifu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Angeweza kukiandika kilemba kile pamoja na maua na sabuni. Lakini fedha zilikuwa zimetoka, naye aliandika alichokiona: malipo kwa fundi wa paa, kilemba, mara moja. Mwisho wa mwaka hesabu za hoteli zikaenda zinakokwenda.

Shutu hakujua lolote mpaka alipokwenda kukata tikiti za meli. Wakala alimwambia kwamba mtu hasafiri nje ya nchi bila cheti cha ofisi ya kodi ya mapato kinachosema hadaiwi. Shutu akatoa risiti zake za kodi ya kichwa, zote, tangu wakati wa Mwingereza, zimefungwa kwa uzi. Wakala akazisifu, kisha akamwonyesha njia ya kwenda ofisi ile.

Kodi ya mapato wakati huo ilitozwa na idara moja ya nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, kwa hiyo mbuzi wa Kinango alikuwa sasa ni jambo la Jumuiya nzima. Idara hiyo iliwakilishwa na chumba chenye feni isiyozunguka na afisa aitwaye Bwana Baya, kijana wa makamo aliyekalia kiti kilichoachwa na Mwingereza, pamoja na majalada yote aliyoyaacha Mwingereza. Alipomwona Shutu akiingia kwa kushika ukuta aliinuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani ni wapi?"

"Kaloleni."

"Alhamdulillahi. Basi sisi ni ndugu."

"Hiyo ndiyo taabu yangu, mzee," alisema Baya akimvutia kiti. "Kila anayeingia humu ni ndugu."

Alifungua jalada. Malipo ya paa hayakumshughulisha. Ukiondoa makuti, kamba na ijara za watu kilichobaki kilikuwa kidogo na kodi yake ndogo zaidi. Kisha akaweka kidole mahali.

"Na hii hapa?"

"Hicho ni kilemba."

"Najua kilemba, mzee. Mjomba wangu huchonga ngoma. Asipopewa kilemba chake, haiwambwi."

"Basi ikiwa wajua, mbona waniuliza?"

"Mimi najua. Karatasi haijui."

Shutu alimwambia kwamba kilemba kilikuwa kimekwisha liwa. Baya akauliza kama kulikuwa na risiti.

"Ya mbuzi?"

"Hata ya mbuzi."

"Mwanangu, ukinunua mbuzi Kinango mwenyewe hukupa kamba aliyomfungia. Kamba ninayo."

Baya hakucheka, lakini aliandika kitu. Alisema kwamba mafungu ya mafundi yanaweza kuhesabiwa kama gharama, wakija kuthibitisha. Mbuzi angemfikiria. Lakini fungu la mjane wa Mkwiro, hapana. Hilo Shutu alikuwa amempa mwenyewe, kwa hiari yake.

"Si mimi niliyempa," alisema Shutu. "Ni kilemba."

"Kilemba hakina jalada humu, mzee. Wewe unalo."

"Lakini ni mara moja tu! Hakitarudi tena kile. Yule Mzungu alipima kwa futi!"

"Sheria haiulizi mara ngapi. Huuliza kwa nini." Baya alisugua macho. Ilikuwa dhahiri kwamba maneno hayo ameyasema mara nyingi, kwa watu wengi wenye kofia za namna nyingi. "Mtu akikupa kitu kwa mapenzi ya moyo wake tu, hata akupe kila mwezi, ni zawadi, sina haja nayo. Akikupa kwa ajili ya kazi uliyomfanyia, nawe una haki ya kukidai, hata iwe mara moja katika umri wako, ni pato. Wapiga ramli huniambia ni zawadi. Madalali nao huniambia ni zawadi. Nami huwauliza, usingepewa, ungedai?"



Baya akatazama mlango, akashusha sauti. "Nisikilize, mzee wangu. Huyu Mzungu hakuwa amekuahidi, wala hakimo katika mapatano yenu. Nitakuandikia maneno mawili, kwamba alikupa kwa hisani yake na kwamba fundi hana haki ya kudai kilemba. Utie saini hapa. Nikupe cheti chako leo hii, wewe na mama mwende mkahiji, mniombee dua huko. Usipotia saini, kodi yake na faini yake itakula nauli ya mmoja wenu na kuimega ya pili."

"Nauli ya mmoja haitoshi. Esha hawezi kusafiri peke yake, nami sitamwacha."

"Ndiyo maana nakwambia."

"Lakini mimi niliacha tundu."

"Tundu gani?"

"La paa. Niliketi nalo hata akaleta. Mtu akingoja zawadi hakai juu ya nyumba ya watu."

Baya aliinuka akaenda dirishani. "Hilo sikulisikia, mzee. Nilikuwa nafunga dirisha."

"Dirisha bado li wazi."

"Basi bado nalifunga. Nenda nyumbani. Shauriana na mama. Rudi Jumatatu."

Esha hakuhitaji mpaka Jumatatu.

"Tia saini," alisema kabla mumewe hajamaliza kuvua viatu. "Maneno mawili. Babake Asiya, watu hutia saini wakauza mashamba ya yatima, wewe waogopa kitambaa?"

"Ati niandike kwamba fundi hana haki."

"Andika. Nani atasoma? Karatasi za Mombasa zaliwa na mchwa."

"Nitakuwa nimesema uongo nikaenda nao Makka."

"Uongo upi? Yule Mzungu alifurahi au hakufurahi?"

"Alifurahi."

"Basi alitoa kwa furaha. Saini." Akamshika goti akalibinya pale alipopajua, naye akaguta. "Na hili nalo lasema saini."

Kusema kweli hoja yake ilikuwa nzuri, na Shutu alilala akiwa amekwisha kukata shauri la kusaini. Wanachuoni wameandika vitabu vizito juu ya nia katika utoaji, na sidhani kama wamemzidi Esha kwa mengi.

Kesho yake alikuwa kazini Ukunda. Alikuwa akimwezekea Haji Suleiman, mwenye duka la nguo, nyumba ya kupangisha wafanyakazi wa hoteli. Haji alikuwa amehiji mara mbili na alipenda kuitwa kwa jina hilo hata na wanaomdai. Habari ya kodi ilikuwa imemfikia. Rai alikuwa ameisimulia njia nzima, na mbuzi alizidi kunenepa kila aliposimuliwa.

"Mimi nimemwambia Fundi nitamtolea risiti," Rai alikuwa akisema juu ya paa. "Nitapiga dole gumba. Na mbuzi angekuwa hai angepiga kwato, tukawa na mashahidi wawili."

"Mmoja wao mwenye akili," alisema fundi mwenziwe.

Haji Suleiman alitoka dukani, akasimama kivulini.

"Fundi Shutu! Masalkheri!"

"Akheri, Haji."

"Nimesikia. Tia saini, fundi, usiwe na wasiwasi. Wala si uongo. Kilemba ni hisani ya mwenye nyumba, akipenda hutoa, asipopenda asilaumiwe. Mimi nimekuwa nikilifikiri jambo hili siku nyingi, nikachelea kusema, watu wasije wakaniita bahili."

"Hata," alisema Rai. "Nani angekuita hivyo?"

Haji hakumjali. "Sasa fundi mkubwa kama wewe ukisaini mbele ya serikali, mambo yatakuwa wazi kwa kila mtu. Hata kwangu hapa. Hutakuwa na haja ya kuacha tundu. Malizeni tu, tusome Fatiha, tuagane kwa wema. Au vipi?"

Mafundi juu ya paa waliacha kufunga kamba, wakamtazama Shutu. Wote walikuwa na wake na watoto, na hakuna aliyekuwa akilishwa na bei ya paa peke yake. Bei ya paa huliwa na kazi yenyewe. Kilemba ndicho kilichokuwa kikinunua sanda, kanzu ya Idi, dawa. Na huko Mkwiro palikuwa na mjane ambaye mumewe aliezeka nusu ya pwani na hakuwa na kitu kingine cha kungojea.

"Nimekusikia, Haji," alisema Shutu. Akaanza kushuka ngazi. Kulimchukua muda.

Jioni alimweleza Esha. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Kwa hiyo?" aliuliza.

"Haji mmoja tu ameisikia kabla sijatia saini, na amekwisha kuanza kuitumia. Nikiitia, itakuwaje?"

"Itakuwa watu hawatapewa vilemba. Watapatana bei kubwa zaidi."

"Hawatapewa bei kubwa zaidi, Esha. Wajua hawatapewa."

Alijua. Akamwaga mafuta kiganjani akaanza kumkanda goti, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Magoti haya hayatawangojea mafundi wa Msambweni," alisema.

"Najua."

"Na hao mafundi, wallahi, hawatakushukuru."

"Hilo pia najua."

"Basi angalau usiniambie kwamba Mungu atatufungulia mlango mwingine. Usiniambie."

Hakumwambia. Walikaa hivyo, yeye akikanda, mumewe akikandwa, na hakuna aliyekuwa amemsamehe mwenziwe.

Jumatatu Shutu alivuka Likoni akaingia ofisini. Baya alikuwa amekwisha kuyaandika yale maneno mawili vizuri kwa mashine, na kalamu ameiweka juu yake.

"Karibu, mzee. Tia hapa."

"Nimekuja kulipa, mwanangu."

Baya alimtazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyeacha dawa. "Umeshauriana na mama?"

"Nimeshauriana."

"Amekubali?"

"Hapana."

"Mzee, nimekaa kwenye kiti hiki mwaka wa tatu. Kila siku watu huniletea mapato wakaniapia ni zawadi. Hajapata kuja mtu na zawadi mkononi akaniapia ni pato. Nitaiweka wapi?"

"Iweke panapohusika. Andika kwamba fundi ana haki nacho. Mwenye nyumba asipotoa, fundi adai."

Baya alichana ile karatasi. Akatia nyingine katika mashine akapiga, kwa vidole viwili, polepole, akaguna mara moja.

"Nisomee," alisema Shutu.

Akamsomea: kwamba kilemba, kwa desturi ya kazi ya kuezeka makuti katika wilaya ya Kwale, ni haki ya fundi anapomaliza kazi, na kwa hiyo ni sehemu ya pato lake na kina kodi.

"Hapo mwisho ndipo pabaya," alisema Shutu.

"Bila mwisho huo, mwanzo hausimami."

"Basi sawa."

Akatia saini kwa herufi za Kiarabu. Baya aliyakubali mafungu ya mafundi bila kuwaita waje kuthibitisha, na kwa jukumu lake mwenyewe akamwandika mbuzi kuwa ni gharama ya kukamilisha kazi, bila risiti, jambo ambalo katika idara yake lilikuwa karibu na ushujaa. Mjane hakuweza kumfanyia kitu. Hesabu ilipokwisha nauli ya Esha ilikuwa imekwenda, na ya Shutu imemegwa kama alivyoambiwa. Baya aliagiza chai, wakanywa. Kisha akampa na cheti. Kilithibitisha kwamba Abdurahman Shutu hadaiwi chochote na yuko huru kusafiri kwenda nchi yoyote duniani. Kilikuwa cheti cha kweli kabisa, na kilikuwa na mhuri.

Meli ilitoka na watu wengine. Mwaka uliofuata nauli ilipanda, na uliofuata huo magoti yalikwisha jibu swali kabla halijaulizwa. Esha hakulitaja jambo hilo tena. Aliendelea kumkanda, lakini maneno aliyapunguza, na Shutu, ambaye kwa miaka mingi alitamani ayapunguze, hakupata raha aliyoitazamia.

Haji Suleiman alitoa kilemba. Hakuwa na la kufanya, maana habari ya ile karatasi ilifika Ukunda kabla ya mwenye saini. Alisema kwamba amekata sehemu ya serikali ili kumpunguzia fundi usumbufu, na hakuna aliyepata kusikia kwamba serikali iliipokea. Mahoteli nayo hayakuchelewa. Mawakili wao wakaanza kuandika katika kila mapatano ya paa mstari mmoja mpya, kilemba, kiasi kadhaa, hulipwa kazi ikiisha, kodi huondolewa. Kilikuwa kidogo kuliko cha Bwana Keller, na hakikuwa na kitambaa. Lakini hakuna mwenye hoteli aliyeweza kusema hakipo.

Mafundi walikasirika. Hawakumkasirikia Haji wala mawakili, walimkasirikia Shutu. Mwinga, fundi mkubwa wa Msambweni, naye mwanafunzi wa marehemu Kombe, aliyekuwa amepata kazi tatu za hoteli kwa mfululizo na kununua pikipiki, alimjia kazini siku moja akamsuta mbele ya watu.

"Shikamoo, Fundi. Lakini wewe umetuponza. Kilemba baba zetu walikula bila kukatwa. Serikali ilikuwa haina habari. Wewe ndiye uliyekwenda Mombasa ukaifundisha."

"Marahaba. Wewe hupewa?" aliuliza Shutu. Siku hizo hakupanda tena. Alikuwa akiketi chini, akisuka makuti na kuelekeza kwa mdomo.

"Napewa, lakini kimekatwa."

"Kila kazi?"

"Kila kazi. Imeandikwa, wanalazimika. Lakini wanakata!"

"Na Mkwiro, kwa mjane, umepeleka?"

Mwinga akageuza uso akaitazama pikipiki yake. "Kwa bei hizi za petroli, Fundi?"

Kuti alilokuwa akilisuka Shutu lilikuwa limefika ncha, akalifunga, akaliweka juu ya mengine. Kisha akamwomba Mwinga, kwa kuwa alikuwa amesimama na mgongo wake ungali mzima, amsogezee fungu lile lililokuwa mbali.